Sidii ya Mama Bupe na Fundi wa Tegeta

Hebu mwone Bupe anavyoingia kwa Brightson, fundi kompyuta wa Tegeta. Kompyuta kaikumbatia kifuani, uso umekunjamana, salamu hakuna. Mkobani ana sidii ya harusi yake, mahali pekee ambapo sauti ya marehemu mama yake bado inasikika. Kesho ni arobaini, na ndugu wametoka Tukuyu kuja kuisikia.

"Kaka, tangu uitoe Windows uniwekee hiyo Linux yako ya bure, sidii haisomi."

"Dada, ni draiva tu, ile programu ya kuendesha kifaa cha sidii. Ngoja niiweke upya."

"Juzi ulisema hivyohivyo. Ukafuta kila kitu, ukaweka upya. Ilisoma?"

Brightson akaandika amri zake hata hivyo. Kompyuta ikajibu kwamba haioni kifaa chochote cha kusomea sidii.

"Fungua humo ndani, nione," Bupe akasema.

"Ndani hakuna shida, dada."

"Nimesema fungua."

Akafungua. Kifaa cha sidii kimekaa tu, hakina waya. Waya wake umechomekwa kwenye diski mpya, ile aliyoiweka mwenyewe siku alipoweka Linux.

"Kumbe niliuazima," Brightson akacheka kidogo. "Nikasahau."

"Unacheka? Wiki nzima nalia, najua mama nimempoteza tena, we unasingizia draiva?"

Kicheko kikakatika. Brightson akatafuta waya mwingine, akauchomeka; Bupe akatia sidii, na sauti ya mama ikatoka, ikimbariki bintiye. Bupe akasikiliza kidogo, akazima, akabeba kompyuta yake.

"Nisamehe, dada," Brightson akamwambia mlangoni.

Wewe ungemjibuje?