Mkubwa Aliyeandikwa Mdogo

Tulipovuka mpaka wa Kobero kurudi Burundi kutoka Tanzania, nilikuwa na miaka kumi na saba na mdogo wangu kumi na minne. Karani alikuwa ameketi chini ya turubai na orodha ndefu ya wakimbizi, na njaa ilionekana usoni mwake. Orodha ilisema mabinti wawili na umri wao. Hakutuuliza nani ni nani. Alitupanga kwa vimo kama mtu anayepanga masufuria: mdogo wangu, aliyenipita kwa kichwa kizima, akampa miaka yangu, nami akanipa ya kwake. Mama alikuwa pale pale, macho kwenye kalamu, na hakumsahihisha.

Ndani ya lori nikamwuliza kwa nini.

"Acha tu," akasema. "Itakupa muda wa kukua."

Nisiseme uongo, niliutaka muda huo. Shingo yangu ilikuwa fupi na pana, kifua bapa, na damu ya mwezi haikuwahi kunijia. Kambini Tanzania walisema labda ni chakula cha mgao. Shuleni Buhinyuza, sisi tuliotoka Tanzania tulirudishwa madarasa ya chini kwa sababu hatukujua Kifaransa. Wenzangu walikunja magoti chini ya madawati ya watoto, wakalalamika kutwa. Mimi nilienea vizuri tu. Niliwaonea wivu kwa malalamiko yao.

Kwetu binti mdogo hatangulii kuolewa mkubwa wake akiwa bado nyumbani. Miaka minne baadaye posa ya mdogo wangu ilikuja kutoka Gashoho, na mzee wa upande wa kijana akauliza kama binti ana mkubwa wake. Wakati huo nilikuwa nimepiga magoti mbele yao nikitenga mtungi wa urwarwa, pombe yetu ya ndizi, pamoja na mirija.

"Huyu ndiye kifungua mimba wangu," mama akajibu. "Huyo mwenye mtungi ndiye anayemfuata."

Niliuweka mtungi sawasawa usimwagike. Mdogo wangu alitazama miguu yake. Tangu siku hiyo, mbele za watu, nikawa namwita dada.

Nilihamia mjini Muyinga kushona kwa mama mmoja Mwislamu, mkali wa ulimi na mkarimu wa chai. Kila Krismasi alinikatia gauni kwa mkono wake. Mwaka mmoja akaiacha futi ya kupimia shingoni mwangu, akanitazama.

"We, hii ni mwaka ya tano mi nakupima. Kipimo iko ile ile, hata kifua. Ile mambo ya wanawake, unapataka?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi enda Gitega, ku dokta. Kungoja haikuzi mtu."

Daktari wa Gitega alinitoa damu ikapelekwa mbali, na baada ya miezi miwili tukarudi kusikia majibu, mimi na mama yangu mzazi.

"Voilà," akasema. "Kwa kawaida mwanamke ana kromosomu mbili za X katika kila seli ya mwili. Wewe, mademoiselle, una moja. Ulizaliwa hivyo. Si mgao, si kurogwa, na si kosa la mama." Akaeleza kwamba vidonge vya homoni vitasaidia kifua na mifupa, na moyo lazima upimwe. Kimo kimefika mwisho wake. Kuhusu kuzaa, alisema hataki kunidanganya. Kisha akasoma kitambulisho changu. "Miaka ishirini na minne, si ndiyo?"

Mama akanishika mkono, akaubana. Nilijua anataka nini.

"Ishirini na saba," nikasema.

Daktari akaukata umri kwenye faili lake, akaandika upya. Nilikuwa nimetoka kuambiwa sitazaa, na bado nilifurahi kuuona umri wangu kwenye karatasi. Mkono wa mama ulikuwa umeondoka.

Nje nikamwambia, "Mama, muda wa kukua umekwisha. Nirudishie nafasi yangu."

"Na mume wa dada yako?" akasema. "Atasema tulimdanganya."

Tulikuwa wawili tu pale, na bado alisema dada yako.

Krismasi hiyo nilikwenda Gashoho, nikamweleza mdogo wangu yote jikoni. Alilia, akanikumbatia. Baadaye, tukiwa sebuleni na mumewe, alimpa bintiye kikombe.

"Mpelekee mama mkubwa chai."

Shemeji akacheka. "Mama mdogo, bwana. Utamchanganya mtoto."

Mtoto alisimama na kikombe katikati ya chumba, akitutazama mmoja mmoja. Mimi nilimtazama mdogo wangu, nikangoja.

"Ndiyo," akamwambia mtoto. "Mama mdogo."

Nikanyoosha mikono, nikapokea chai.