Mashine ya Mikebe ya Waru

Dada yangu alinitafutia kazi Timau, kwenye shamba la maua, bila kuniuliza. Gari lingepita Chaka, anakoishi, Jumatatu asubuhi kunichukua. Nilimwambia siendi. Nilikuwa nimebeba mbao Nanyuki na kuchoma mahindi Karatina, na kote huko niliondoka mwenyewe, nilipoona hakuna jipya la kuona. Sasa nilikaa kwake, katika chumba cha nyuma ya soko, nikisoma kwenye simu mchana kutwa. Nilikuwa nimepata kitu, na sikutaka kukiacha kwa ajili ya maua ya watu.

"Kitu gani?" akauliza.

"Mashine ambayo haipo."

Akaweka sufuria chini. "Haya. Ukinieleza hiyo mashine nielewe, hauendi Timau. Nisipoelewa, Jumatatu unapanda gari na sitaki kusikia mdomo."

Nilikubali. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu siku hiyo watu hawajachoka kuniambia kuna mambo si ya mtu kama mimi. Nilitaka kuona nani angekuja kunizuia sokoni.

Jumapili alasiri meza zilikuwa tupu. Dada huuza waru, yaani viazi, kwa gorogoro, ule mkebe wa bati wa kupimia. Nilipanga mikebe yake minne kwa mstari juu ya saruji, mitatu imesimama, mmoja, wa pili kutoka kushoto, umefunikwa mdomo chini. Jirani yake wa meza, tunayemwita Mama Vitunguu, akavuta kiti karibu.

"Profesa leo anauza hewa," akasema.

Nikaeleza. Mstari huu ndio kumbukumbu ya mashine, na hauna mwisho. Mikebe ikiisha, unaongeza. Mashine yenyewe huona mkebe mmoja tu, ule ulio mbele yake. Haikumbuki ilikotoka. Inachojua ni hali iliyomo: iko katika hali ya kwenda, au ya kurudi. Ukichukua hali hiyo pamoja na mkebe ulio mbele, sheria inakuambia ufanye nini na mkebe, usonge upande gani, na uingie hali gani. Basi. Ikipewa sheria zinazofaa, mashine ya namna hii hufanya hesabu yoyote ambayo kompyuta inaweza kuifanya.

"Hata ya benki?"

"Hata ya benki, Mama. Ila polepole."

Sheria nilikuwa nimeziandika kwenye kipande cha katoni. Nikampa Mama Vitunguu asome, na dada awe mashine. Dada akasimama penye mkebe wa kushoto kabisa.

"Hali ya kwenda," Mama Vitunguu akasoma. "Mkebe wowote, uache vile uko, songa..." Akaisogeza katoni karibu na macho. "Ati songa kuria? Mashine ikule?"

Kwa Kikuyu, kuria ni kula. Nilikuwa nimeandika kulia kama ninavyoitamka. Dada, bila kucheka, akachukua kiazi kitamu kwenye sahani ya Mama Vitunguu, akauma.

"Mashine imekula," akasema. "Sasa?"

Mama Vitunguu alicheka hadi akafuta machozi kwa leso. Nilikasirika, kisha nikaona dada hakukosea hata kidogo.

"Sawa kabisa," nikamwambia. "Mashine haijui maana. Inafuata ilichoandikiwa. Na sifuti. Kwa mashine yangu, kuria ni ule upande wa barabara ya Nyeri."

Akatafuna, akasonga upande wa barabara, mkebe baada ya mkebe, hadi akafika penye saruji tupu.

"Mahali patupu, ingia hali ya kurudi, songa kushoto," Mama Vitunguu akaendelea kusoma. "Mkebe umesimama? Ufunike, songa kushoto." Dada akafunika wa mwisho, akafunika uliofuata. "Umefunikwa? Usimamishe, halafu mashine ikome."

Dada akakoma. Nikamwonyesha namna ya kusoma mstari: mkebe wa upande wa barabara ni moja, unaofuata ni mbili, kisha nne, kisha nane, na unahesabu iliyosimama tu. Kabla hajaanza ilisomeka kumi na moja. Akahesabu kwa kidole.

"Kumi na mbili," akasema taratibu. "Nimeongeza moja na sikujua naongeza."

Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimemfundisha. "Sheria zikiwa mbaya, si inaweza kuenda tu, isikome?"

"Inaweza."

"Na utajuaje mapema?"

"Kwa baadhi ya mashine utajua. Lakini njia moja ya kupima kila mashine na kujua kama itakoma, hakuna. Si kwamba haijapatikana. Imethibitishwa haiwezi kuwepo."

Akaninyoshea kidole. "Kumbe hiyo mashine ni wewe. Mama yetu huniuliza kila mara utatulia lini, nakosa cha kumwambia."

"Mwambie hata wenye digrii hawajui."

Mama Vitunguu akacheka peke yake. Dada akaanza kukusanya mikebe.

"Nimeelewa," akasema, kama mtu aliyeuziwa waru zilizooza.

Jumatatu gari lilipiga honi nje. Nilikuwa ndani, hata viatu sijavaa. Nilimsikia dada akifungua lango.

"Haendi Timau," akamwambia dereva.

"Si ulisema anaenda?"

"Anaenda. Hiyo mashine bado haijakoma. Lakini haendi na wewe."