Pikapu ya Kubeba Nyuki

Wifi yangu Wanza alipoacha kazi ya kushona suruali kiwandani Athi River ili afuge nyuki, mimi nilikuwa wa kwanza kumwambia amerukwa na akili. Nilimwambia hapo hapo jikoni kwake, kikombe cha chai yake mkononi. Naitwa Pauline, nauza mitumba Masii, na kunyamaza ni kazi niliyoshindwa nayo tangu utotoni. Wanza alicheka tu akaniongezea chai. Ameolewa na ndugu yangu Mutunga miaka mingi, mdomo wangu ameshauzoea.

Biashara yake si asali peke yake. Maembe yakianza kutoa maua kule Matuu, wenye mashamba humlipa awapelekee mizinga, nyuki wayatembelee yale maua na matunda yashike vizuri. Maua yakiisha, mizinga inarudi nyumbani. Ni kazi nzuri, ila bila gari haifanyiki, na mwaka jana gari lilimwangusha. Alikodi pikapu ya mtu, ikachemka katikati ya kile kilima cha kutokea Mto Athi, jua likachomoza likawakuta palepale na mizinga imefungwa. Nyuki waliofungiwa hawavumilii joto. Pikapu ilipokubali kuwaka tena, mizinga mingi ilikuwa kimya. Wanza alikaa kando ya barabara akalia kama amefiwa, na kwa kweli alikuwa amefiwa.

Mwaka huu mzee Makau, mwenye shamba kubwa la maembe huko Matuu, alimpigia simu mapema. Alimwambia atamngoja mara hii tu, kwa sababu kuna mtu wa Kitui anayesumbua kila siku akitaka kuleta mizinga yake. Wanza alipokata simu alituangalia mimi na Mutunga.

"Nanunua pikapu yangu," akasema. "Na ikinishinda, narudi Athi River kushona suruali. Nyuki sitaua tena."

Akiba yake ilitosha gari moja, tena lililotumika. La kujaribia halikuwepo.

Basi tukaanza kuwinda. Babu yetu mimi na Mutunga aliwinda kwa upinde na mishale, watu wakamheshimu hadi ng'ambo ya mto, lakini siku hizi ukimfuata paa msituni unaishia mahakamani. Kilichobaki kwa Mkamba kuwinda ni bei nafuu. Jumamosi moja tukateremka Machakos mjini watu watatu: Wanza mwenye pesa, mimi wa kupatana bei, na Mutunga, ambaye hufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji na kurudi nyumbani wikendi akiwa na maoni juu ya kila kitu.

Mutunga alimpenda mchumba wake kwenye yadi ya kwanza. Ilikuwa pikapu nyekundu ya milango minne, inang'aa, viti vya ngozi, redio kubwa. Alikwishaingia na kushika usukani kabla hatujasalimia. Kijana muuzaji, aliyenukia marashi kuliko bibi harusi, akaanza kutuimbia sifa zake.

"Hii ukipita nayo kanisani, mama, kila mtu atageuka."

"Wageuke wafanye nini?" Wanza akamuuliza. "Iwashe."

Akatoa sufuria kwenye kikapu chake. Ndiyo, alikuwa amebeba sufuria kutoka nyumbani. Akatia maji, akaiweka nyuma ya pikapu, akainama kuyatazama maji huku injini ikinguruma. Maji yakaruka ruka kama yanaogopa kitu. Wanza akamwaga maji, akarudisha sufuria kikapuni, akasema asante. Nyuki wakitikiswa njia nzima hufika wamekasirika, na nyuki aliyekasirika hatafuti ua, anatafuta mtu. Kijana wa marashi hakuelewa chochote. Mutunga alitoka garini polepole sana, mkono ukiupapasa mlango.

Yadi ya pili maji yalitulia, lakini Wanza alipoomba kufunga trela lake la kubebea mizinga, lililokuwa kwa fundi pale mjini, na kupanda nalo mlima, mwenye gari akasema gari la kuuzwa halivuti mizigo. Hapo nilishindwa kuvumilia. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi stendi, kama suruali ninazouza mimi watu huzinunua bila kujaribu kama zinapita kiunoni. Wanza alinivuta kwa mkono tukaondoka. Mutunga akajifanya hatujui.

Jumamosi iliyofuata ndipo tulipompata Dayib. Dayib ni mfanyabiashara wa mbuzi, Msomali aliyezaliwa hapa hapa Machakos, anayejua Kikamba cha sokoni kutushinda sisi wenyewe. Biashara ilikuwa imempanukia, alitaka lori, kwa hivyo alikuwa anauza pikapu yake. Ilikuwa Toyota nyeupe ya zamani, milango miwili, rangi imekwaruzika, redio hakuna. Mutunga aliitazama mara moja akaenda kununua karanga.

Sufuria ikawekwa nyuma. Maji yalitetemeka kidogo, yakatulia. Nilimwona wifi yangu akijizuia kutabasamu, maana nilikuwa nimemwonya asionyeshe furaha mbele ya muuzaji.

"Nataka kufunga trela nipande nalo mlima wa Iveti," akasema. "Na trela lina mitungi ya maji, imejaa."

"Panda, mama," Dayib akasema. "Ikikataa, iache huko huko juu, nitaifuata mwenyewe kwa mguu."

Tukapanda. Wanza ndiye aliyeendesha, maana leseni aliipata mwaka huo huo kwa hasira za mwaka uliopita. Pikapu ikavuta lile trela kwenye kona za Iveti bila kukohoa. Akasimama makusudi katikati ya mwinuko, akaondoka tena, haikurudi nyuma hata kidogo. Kipimo cha joto hakikusogea. Tuliporudi, Qaali, mke wa Dayib, akatuletea chai ya tangawizi, na mimi nikaingia kazini. Tulivutana na Dayib mpaka chai ikaletwa mara ya pili, yeye akiapa kwamba namfilisi, mimi nikimwonyesha kila mkwaruzo. Tulipopeana mikono sote wawili tulijiona tumeshinda, na hivyo ndivyo biashara inavyotakiwa kuwa.

Wanza aliendesha hadi nyumbani akiimba. Majirani walikuja, wakapiga teke matairi, wakafungua boneti, wakasifu injini kwa zamu. Jioni akaamua kupima jambo la mwisho. Alifunga mzinga mmoja kwa wavu, akaupakia nyuma ya pikapu, akangoja.

Kwanza ukaja mlio, mkali, unaopanda. Kisha nyuki wakapata upenyo kwenye kona ya wavu. Mimi nilikimbilia ghalani nikajifungia na mahindi. Mutunga aliingia chooni, na humo alikaa mpaka giza. Tulibaki tukiulizana kwa kupiga kelele, yeye huko, mimi huku, gari lina nini. Wanza, akiwa amevaa mavazi yake ya kazi, aliushusha mzinga, akaupeleka mbali na lile gari, na mara ukatulia. Akarudi, akapanda nyuma ya pikapu, akapiga magoti, akaweka pua kwenye mbao za sakafu.

"Ni beberu," akasema.

Nyuki hawapatani na harufu ya mnyama, hasa beberu. Pikapu ile ilikuwa imebeba mbuzi miaka nenda miaka rudi. Tulikuwa tumepima injini, breki, maji kwenye sufuria na kilima, na hakuna hata mmoja wetu, wala jirani yeyote, aliyesikia harufu. Tungeisikiaje? Hapa kwetu mbuzi hulala ukuta mmoja na jikoni. Sote tunanuka mbuzi kidogo, hata kanisani, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Siku tatu tulisugua. Sabuni, majivu, mchanga, maji ya moto. Nilisugua mpaka kucha zikaisha, nikimlaani kila mbuzi aliyewahi kupanda gari lile. Wanza akileta mzinga karibu, mlio unapanda vilevile. Halafu mzee Makau akapiga simu: maua yamefunguka, na Jumamosi asubuhi akiwa hana mizinga shambani atamwita yule wa Kitui. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Usiku huo Wanza hakutaka kula. Aliniambia kwamba kiwandani labda bado wanamkumbuka, na mimi, niliyewahi kumwambia asiache kazi ile, nilisikia uchungu moyoni.

Asubuhi nilimpigia Dayib. Sikumsalimia vizuri.

"Umetuuzia zizi la mbuzi," nikamwambia.

"Mama, gari lilipanda Iveti ama halikupanda?"

"Lilipanda."

"Basi shida iko wapi?"

Nilipomweleza alicheka mpaka nikataka kukata simu. Lakini alikuja, na hakuja mikono mitupu, alileta nyundo na mtaimbo. Kumbe zile mbao za nyuma hazikuja na gari. Alizipigilia yeye mwenyewe ili mbuzi wasiteleze, na chini yake mkojo wa miaka yote ulikuwa umejificha. Tulikuwa tunasugua juu, uchafu uko chini. Akazing'oa moja moja, akazipakia kwenye bodaboda, akasema zitamfaa kwenye lori. Chuma kilichobaki tukakiosha kwa saa moja tu.

Kisha Wanza akafanya kama anavyofanya mzinga mpya ukitaka kukaliwa. Aliyeyusha nta, akapaka pembe zote za gari. Akaponda majani ya mchaichai, akasugua bodi, akasugua na ndani ya kebini, viti, usukani, kila mahali, kwa sababu na humo kulikuwa kumewahi kupanda mwanambuzi mgonjwa mmoja au wawili. Akafukiza moshi wa majani. Akaacha vioo wazi ili upepo upite. Boma zima likanukia vizuri hata nikaona aibu kwa ajili ya nyumba yangu.

Ijumaa mchana nilisikia sauti ya mtu akiita kutoka uani, na haikuwa ya Wanza.

"Mke wangu," Mutunga aliita, akiwa amesimama wima bila kusogeza hata kidole. Alikuwa amechukua ruhusa kazini, na alikwenda kuhamisha pikapu kivulini. "Mke wangu, njoo uone gari lako."

Nyuki walikuwa wamehamia. Si wa Wanza. Walikuwa kundi la mwitu lililotoka huko milimani likitafuta makao, likanusa nta na mchaichai, likaingia dirishani. Walikuwa wamening'inia kwenye usukani wote pamoja, kama sweta ya kahawia iliyotundikwa. Dayib alitufikia wakati huo huo, ameleta gurudumu la akiba alilosahau kutukabidhi. Aliona, akaliweka gurudumu chini taratibu, akarudi nyuma mpaka upande wa pili wa zizi.

"Mama," akasema kutoka huko, "mimi niliuza gari. Nyumba sikuuza."

Wanza alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akashika mdomo, nikaona machozi. "Wifi, wameikubali," akaniambia. "Wameichagua wenyewe."

Alileta mzinga mtupu, akauweka kwenye kiti, akapiga usukani ngumi moja. Wengi wakaanguka ndani, pamoja na malkia wao. Waliobaki walitembea tembea, wakamtafuta mama yao, wakaingia mmoja mmoja. Jua lilipozama gari lilikuwa tupu na Wanza alikuwa na mzinga mmoja zaidi. Tukapakia mizinga yote, ya nyuma ya pikapu na ya kwenye trela. Hakuna mlio uliopanda.

Dereva anahitaji mtu wa kumshikia tochi, na Mutunga ghafla akakumbuka zamu ya kiwandani. Nikapanda mimi. Tuliondoka kabla ya alfajiri. Tulishuka kuelekea mtoni, tukavuka daraja, na kilima kikaanza. Wanza alishusha gia, pikapu ikavuta, trela likafuata, na mimi nilisali kwa sauti mpaka akaniambia nisali kimyakimya, anataka kusikia injini. Tukapita mahali pale. Nilipajua kwa jinsi alivyoshika usukani.

Juu kabisa akaegesha.

"Mbona unasimama na gari ni nzima?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshashuka. Alikwenda mzinga baada ya mzinga, akitega sikio. Alipofika wa mwisho akaniita. Mimi nyuki nawaogopa mpaka leo, lakini nilikwenda, nikaweka sikio langu kwenye ubao. Sauti ilikuwa ya chini, nzito, ya watu wengi wanaozungumza kanisani kabla ibada haijaanza. Walikuwa hai wote. Tulishikana mikono pale barabarani, watu wazima wawili, tukaruka ruka kama wasichana.

Kwa mzee Makau jua lilitukuta tumeshapanga mizinga chini ya miembe. Wanza akaondoa nyavu. Nyuki walitoka, wakazunguka kidogo kujua mahali walipo, kisha wakapanda moja kwa moja kwenye maua. Mzee alivua kofia akasimama kutazama. Jirani yake, mama mmoja aitwaye Mueni, naye ana miembe, akaja hadi kwenye uzio.

"Na mimi utaniletea lini?" akauliza.

Wanza aliigeukia pikapu. "Jumanne," akasema.

"Peke yako na hicho kilima?" mzee Makau akamuuliza.

Jumanne huwa niko sokoni, na nguo mpya zilikuwa zimefika. Kabla Wanza hajafungua mdomo nikajibu kwamba tutakuwa wawili.