Kochi Jeupe la Tajiri

Dada wa usafi niliyefanya naye kazi nyumba moja huko ugenini alikuwa na makao mawili. Ya kwanza stoo ya nyuma ya jiko, ambako godoro lake lilibanana na ubao wa pasi na madumu ya sabuni. Ya pili sebule ya tajiri, yenye kochi jeupe ambalo hata paka wa nyumba haruhusiwi kuligusa. Kulala alilala stoo. Simu za video za nyumbani alizipigia kwenye kochi.

Mimi ni dereva, na katika uongo ule nilikuwa mshirika. Nikimrudisha mama mwenye nyumba, nilipiga honi mara mbili getini, naye huko ndani akaruka kana kwamba amekalia kaa la moto, akashika kitambaa cha vumbi.

"Nikiwaonyesha wa nyumbani stoo, mama atalia," aliniambia. "Waache walale usingizi."

Nilimwelewa. Nani kati yetu aliwahi kutuma shida nyumbani? Tunatuma mshahara na picha.

Siku ya mshahara nilimpeleka kwenye dirisha la kutuma pesa, na ndiyo siku pekee mguu wake ulikanyaga barabara, maana pasipoti yake ilifungiwa kabatini kwa tajiri mpaka mkataba uishe. Na kila mkataba ulipokaribia kuisha, nyumbani kulizuka jambo: mara paa, mara matibabu ya mama. Safari hii ilikuwa ada ya mdogo wake wa kike, aliyepata chuo cha uuguzi. Kwa ajili ya ada hiyo alitia sahihi mkataba mwingine, akachukua na mshahara wa mbele. Akatuma pesa zote akicheka.

"Huyu akiwa nesi, mimi nafunga virago," alisema.

Tulikuwa bado tumeegesha pale nje ya dirisha, hata gari sijaliwasha, mdogo mtu akapiga simu.

"Dada! Kaka ameshazitoa. Wakala tumemlipa zote!"

"Wakala gani? Chuo nacho kina wakala?"

"Chuo cha nini tena? Nakuja huko huko! Kaka kasema tukikwambia mapema utaleta maneno. Nimepata nyumba ya kufanyia kazi kama yako."

Dada alishuka akarudi dirishani mbio. Karani akatikisa kichwa: pesa ikishachukuliwa, hairudi. Nilimwona ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, watu wa foleni wakinung'unika nyuma yake. Nilipandwa na hasira za kumpiga mtu, ila wa kupigwa alikuwa mbali, kwao, anaitwa kaka.

Tulipofika alipita sebuleni bila kulitazama kochi, akaingia stoo, akapiga simu ya video. Mimi nilisimama mlangoni na mifuko ya sokoni. Aliizungusha simu taratibu: godoro, madumu, kamba ya nguo, kidirisha kisichofunguka.

"Hapa ndipo ninapolala. Lile kochi ni la tajiri, mimi nalifuta vumbi tu. Usije, mdogo wangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Mdogo mtu alicheka kwanza. Kisha uso ukambadilika.

"Miaka yote uko kwenye kochi, dada. Leo nimepata safari, ndiyo umehamia stoo?"

"Haki ya Mungu ni kweli! Muulize huyu dereva."

Akanielekezea simu. Niliapa kila kiapo ninachokijua.

"Umempanga hata dereva wako," akasema yule binti. "Kumbe unataka kula raha peke yako. Usiogope, sitakuja kukaa kwako."

Simu ikakatika. Dada akapiga tena, akapiga tena, haikupokelewa. Kutoka sebuleni mama mwenye nyumba alikuwa akiita kwa ukali. Alitaka kujua ni nani aliyeacha unywele kwenye kochi lake.