Kipimo cha Mvua Kilichofungiwa Kabatini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa baiskeli isiyo na breki, kisha nikaonyeshwa kabati. Ndani yake, chini ya kufuli, kilikuwamo kipimo cha mvua: kopo la shaba lenye faneli juu na chupa ndani, ambamo maji hukusanyika ili asubuhi uyasome kwa milimita. Sikuamini macho yangu.

"Shikamoo mzee. Mbona kiko ndani?"

"Marahaba. Nje kitaibiwa," alijibu Ofisa Kilimo, bosi wangu. "Wanunuzi wa vyuma chakavu wamejaa. Mkaguzi akija asikione, mimi na wewe tunapunguzwa."

Ilikuwa miaka ya ruksa, soko huria lilipoingia. Ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa na watumishi walikuwa wanapunguzwa kweli. Basi taarifa zetu za mvua tulizipata kwa kuchungulia dirishani: nyingi, wastani, haba. Bosi aliziita makadirio ya kitaalamu, na wala hakuwa anatania!

Mimi nilikuwa bibi shamba wa upande wa Mwimbi, huku Ufipa, karibu na mpaka wa Zambia. Msimu mmoja mvua iliwahi kuliko kawaida. Mama Tabu, mjane mwenye watoto wadogo, akanisimamisha njiani.

"Bibi shamba, nimebakiwa na debe moja tu la mbegu. Nipande, au mvua hii inatudanganya?"

Swali lake nililifikisha kwa bosi. Jibu alilitoa mwenyewe mkutanoni: "Pandeni! Ufipa mvua ikianza, imeanza." Mama Tabu akapanda debe lote.

Wiki hiyo nilitumwa ng'ambo ya mpaka, Zambia, kwenye kikao cha ujirani mwema cha mabwana shamba. Katika kijiji kimoja nikakuta kipimo kama chetu kimesimama uwanjani, kimezungushiwa miiba, na wakulima wamekizunguka wakibishana. Majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani.

"Bado, dada," bwana shamba wao aliniambia kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Udongo haujashiba. Tukipanda leo tunachoma mbegu."

"Wezi hamwaogopi?"

"Kikiibiwa tutaweka kopo la maziwa."

Nilipigwa na butwaa. Anga ni lile lile, watu ni Wamambwe wale wale, mpaka tu umepita katikati yao. Sisemi nchi yao yote ilikuwa hivyo. Nasema nilichokiona, na kiliniuma.

Niliporudi mvua ilikuwa imekatika. Nilimkuta Mama Tabu amepiga magoti shambani, anafukua mbegu kwa kidole, na zote zimeoza au zimekauka. Baada ya hapo alichukua wanawe akahamia kwa dada yake, ng'ambo.

Nilimfokea bosi: "Mzee, tungeweka hata kopo!"

"Kopo halimo katika mali za serikali," akanijibu.

Mabosi walikuja na kuondoka, wakirithishana ufunguo wa kabati. Siku ya kuniaga nilipostaafu, wa mwisho wao alinizawadia kile kipimo mbele ya watu. "Tumekitunza," alisema kwa fahari. "Hakina hata doa." Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikisimamisha uani kwangu mjini, mtaa wa Kizwite. Mvua ya kwanza iliponyesha na kupita, nilitoka, nikainama nikasoma chupa. Maji yalikuwa kidogo mno.

"Bado, Mama Tabu," nikasema kwa sauti, peke yangu pale uani. "Usipande."