Mbwa Aliyesindikiza

Pale sokoni Njombe, Hilda muuza masweta ya mitumba aliitwa Mama Mbwa, na jina hilo halikumkera. Mbwa aliyetupwa akimwona, hukaa chini kana kwamba wamepeana miadi. Hilda humlisha ugali wa jana, humwogesha, kisha humtafutia nyumba ya kumlea. Nyumba hazikuwa shida; mji una wezi, na kila ua unahitaji mlinzi.

Shida ilikuja na mbwa aliyempa jina la Mgeni. Hilda, akirudi mazishini Uwemba, alimkuta ndani ya shimo la zamani la kupasulia mbao katikati ya mipaina, kamba shingoni, mbavu zikihesabika. Alimvuta kwa khanga. Mbwa hakulia wala hakumlamba mkono. Aligeuka tu akatazama shimoni, kama anayesubiri mwenzake apande naye.

Abel, mchomeleaji wa mageti, alikuwa wa kwanza kumchukua na wa kwanza kumrudisha.

"Dada Hilda, mbwa wako hana kosa," alisema, macho yake yakiwa kwenye masweta. "Ila jioni ananitembezea mtu uani."

"Mtu gani?"

"Ningemwona, si ningekuambia?"

Waliofuata walimrudisha pia. Mmoja hakushuka hata kwenye pikipiki.

Hilda mwenyewe alikuwa ameshaona. Jioni ukungu ukianza kushuka kwenye mabati, Mgeni husimama. Hutembea uani taratibu, nyuma ya kitu kisichoonekana, kisha hukaa, hutazama juu, hutikisa mkia. Halafu hunyanyuka, husogea kidogo, hukaa tena. Watoto wa wapangaji waliacha kuchezea pale. Mzee Tarsis, mwenye nyumba, hakutaka maelezo.

"Mwisho Jumapili, mama. Jumatatu nikimkuta hapa namwekea sumu kwenye nyama. Na usije kunililia mlangoni, nina presha."

Ndipo Hilda akamkumbuka Nahumu, mgema ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa Makambako, mteja wake wa miaka mingi. Mzee huyo alifiwa na mkewe, Telesia, mwaka jana, na tangu hapo alikuwa akiulizia mbwa. Hilda alipanga kumfikisha Jumamosi mchana na kuondoka mapema, kabla jioni haijamuumbua. Kwenye simu hakutaja habari ya jioni.

Lakini mzee alikuwa ameshainjika viazi.

"Kamwene, mwanangu. Kaa. Telesia angenitoa roho nikikuachia uende na njaa."

Viazi havikuiva haraka, na maneno ya mzee mpweke hayakuisha haraka. Jua likashuka. Nahumu akachukua kisu na ndoo, na kabla hajafika mlangoni Mgeni alikuwa ameshatangulia.

Hilda alifuata. Mbwa aliingia kwenye mianzi, akakaa chini ya mche wa kwanza, akatazama juu. Nahumu akachonga ncha upya, akamimina ulanzi ndooni, akairudisha mbeta, kile kikombe cha mwanzi, mahali pake. Mbwa akanyanyuka, akaenda kukaa chini ya mche wa pili. Mwendo ulikuwa ule ule wa uani kwa Tarsis, na sasa Hilda aliuelewa. Yule asiyeonekana alikuwa akigema.

Mwisho wa shamba, Mgeni alikaa kwenye kichaka cha mianzi ambacho Nahumu alikipita bila kukitazama.

"Twende," mzee alisema. "Hiyo ni ya Telesia. Kwetu mianzi ya marehemu haiguswi mpaka ndugu wakae na kumtaja mrithi. Bado hawajakaa."

Mbwa hakutoka. Katika ukimya ule wakasikia tone, kisha tone jingine. Nahumu aliinamisha mwanzi. Ncha ilikuwa imechongwa muda si mrefu, nyeupe, mbichi, na mbeta ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

Mzee alikitazama kisu chake mwenyewe, kisha ile ncha.

"Mshazari," alisema kwa sauti ndogo. "Miaka yote nilimwambia, ukichonga mshazari namna hii unauharibu mwanzi."

Akauachia mwanzi urudi juu bila kuigusa mbeta.

"Baba, nimekukosea," Hilda alisema. "Wote wamemrudisha kwa sababu ya haya. Nilitaka nikimbie kabla hujaona. Nimchukue?"

"Umpeleke wapi?"

"Sina pa kumpeleka. Jumatatu atauawa."

Nahumu alimwaga chini ulanzi kidogo kutoka ndooni. Mgeni akaulamba.

"Mwache hapa. Hao wenzangu waliomrudisha hawana mianzi."

Walirudi kwa njia nyembamba, giza likiingia. Nahumu alihamishia ndoo mkono wa kushoto, akatembea pembezoni kabisa, majani yakimlowesha suruali. Upande wake wa kulia aliacha nafasi ya mtu mmoja. Mgeni alifuata nyuma ya nafasi ile, taratibu, akiwa mwangalifu asiikanyage.

Hilda aliona heri atembee wa mwisho.