Nyufa Nilizoziba kwa Pamba

Boti yetu ilikaa miezi minne Mpanda mjini, kwenye ua wa kaka yangu, juu ya matairi ya lori, chini ya mabati yaliyobaki alipojenga banda lake la mbao. Kutoka pale hadi Ziwa Tanganyika ni safari ya nusu siku kwa Fuso, barabara ikiwa nzuri. Wapita njia walisimama getini kutazama. "Mzee, mvua ya Nuhu wametangaza lini?" aliuliza jirani mmoja, na kwa kuwa kaka hakumjibu, aliuliza tena kesho yake, na keshokutwa.

Ilikuwa boti ya kutembelea tu. Hilo ndilo lililowashinda watu kuelewa, kuliko hata mahali ilipokaa. Kaka anauza mbao na kutengeneza milango. Mimi nalima mahindi na maharage Mishamo, tulikokulia, na kwa miaka kadhaa nilikusanya habari za kilimo kwa redio moja ya hapa mkoani. Tulianza kwa kutazama video kwenye simu, watu wa nchi nyingine wakizunguka maziwani siku ya Jumapili bila kazi yoyote. Kaka akasema sisi tuna ziwa kubwa kuliko yale na hatujawahi kulizunguka. Alitoa mbao zake mwenyewe, za mti wa mtundu, akazipeleka Ikola kwa fundi wa boti, na fundi akatuundia chombo chenye mabenchi matatu na kivuli cha turubai.

Siku ya kwanza ufukweni, mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa alituuliza, "Mnavua nini?"

"Hatuvui," alisema kaka. "Tunazunguka, tunarudi."

"Mnamfuata nani huko?"

"Hatumfuati mtu."

Akawageukia wenzake. "Jamani, hawa wanaunguza petroli bure, na wamevaa viatu."

Tulijifunza kwa kukosea. Plagi ya akiba inakaa mfukoni, imefungwa kwenye nailoni, haikai ndani ya boksi chini ya benchi ambako maji yanaingia. Oili inachanganywa na petroli nchi kavu, haichanganywi katikati ya ziwa boti ikiyumba. Wakati wa kiangazi unatoka kukipambazuka na saa nne uwe umerudi, kabla upepo wa kusini haujaamka. Nanga inafungwa kamba kwanza, ndipo inatupwa. Hilo la mwisho alitufundisha kaka, aliyerusha nanga mpya kwa nguvu zake zote na kubaki ameshika kamba. Yote niliyaandika kwenye daftari, kila jambo na kichwa chake cha habari. Kaka alilichukulia lile daftari kama sheria, na akawa anafanya ninachosema mimi, ingawa ndiye mkubwa.

Kisha wezi wakaondoka na mashine mbili za boti za majirani pale ufukweni, na ziwa lilikuwa limepanda likameza mahali tulipokuwa tunaifunga boti. Fundi alitushauri, "Mashine chukueni. Boti niachieni mimi, nitaitafutia pa kuifunga." Tulibeba vyote viwili. Kaka alitaka kuiona akinywa chai asubuhi, na mimi sikumpinga.

Kiangazi cha Mpanda kinapasua hata mpini wa jembe. Kufikia Septemba, mbao za boti zilikuwa zimeachana. Kisu cha jikoni kilipita kati ya ubao na ubao bila kugusa upande wowote.

Mwezi huohuo mama yetu aliletwa Mpanda kwa ajili ya macho. Daktari alituita pembeni, kaka na mimi, akasema presha ndani ya macho imeshakula sehemu kubwa. Dawa ya matone ingechelewesha tu. Kilichokwisha kupotea hakirudi. "Kama kuna kitu anapenda kukiona," alisema, "msingoje mwaka mpya."

Tulipomuuliza, mama hakufikiri hata kidogo. Alitaka kupelekwa juu ya ziwa, mchana.

Alikuwa na sababu, na tuliijua tangu utotoni ingawa haikuzungumzwa mezani. Alivuka ziwa hilo akitokea Burundi, akikimbia mauaji, akiwa msichana aliyeolewa juzi, kaka akiwa mchanga kifuani. Walilazwa chini kabisa ya mtumbwi, wakafunikwa turubai na nyavu. Bibi, mama yake mama, alikuwa kando yake, amejeruhiwa, na alifia humo njiani. Wenye mtumbwi walimwinua wakamtelemsha majini. Mama hakuruhusiwa kufunua turubai. Alichobaki nacho ni sauti ya maji. Aliishi Mishamo miaka yote iliyofuata, akapewa uraia, akazika mume na dada, na kila kaburi alilitembelea na kulipalilia. La mama yake hakuwahi kuliona.

"Najua siyo palepale," alituambia. "Maji hayo ni mamoja. Nikae juu yake, niyatazame, niseme yangu, nirudi."

Nilimpigia simu fundi.

"Fundi, mbao zimeachana."

"Zimekauka. Usiziguse. Ileteni hivyohivyo, tuizamishe ufukweni siku nne tano, inywe maji. Itajifunga yenyewe."

"Tuizamishe? Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi, mzee. Mbao ikinywa inavimba. Pamba nitaweka mimi mwenyewe, baadaye, kidogo tu, palipobaki."

Nilikata simu nikiwa na mawazo mawili. La kwanza, mama alitakiwa kurudi kliniki baada ya wiki, na siku tano za kungoja mbao zinywe zilikuwa nyingi. La pili, sikutaka afike ziwani aikute boti chini ya maji. Mtu aliyevuka vile, nilijiambia, asionyeshwe hicho.

Basi nikaziba mwenyewe. Sisi watu wa mahindi tunajua kuziba. Kule Mishamo, kabla ya kuweka mavuno kwenye kihenge, lile ghala la fito lililokandikwa udongo, baba alikuwa anatuingiza ndani na kufunga juu. Ulipoona mwanga ulipiga kelele, na yeye nje aliweka udongo hapo hadi useme giza. Mwanga ukipita, dumuzi anapita, na mahindi yanakuwa unga kabla ya Januari. Nilifanya vilevile. Kaka aliingia ndani ya boti, nikamfunika turubai, nikazunguka nje na nyundo, patasi butu, na pamba niliyoitoa kwenye godoro la zamani.

"Kushoto, ubao wa tatu," alisema kutoka ndani. "Naona mwanga."

Nikagonga.

"Bado."

Nikagonga tena, pamba juu ya pamba, hadi ikawa ngumu kama kizibo cha chupa.

"Fundi si alisema kidogo?" aliuliza kaka siku ya pili, jasho likimtoka chini ya turubai.

"Fundi hajui haraka yetu."

Siku ya tatu alisema giza, giza kabisa. Nikaandika kwenye daftari: nyufa zote zimezibwa.

Tuliipakia kwenye Fuso, mama akakaa mbele na dereva, sisi nyuma tukiishikilia. Tulipita Kabungu, tukapita Sibwesa, tukafika Ikola alasiri tukiwa wekundu kwa vumbi. Vijana kumi waliishusha hadi majini. Niliingia wa kwanza, nikapitisha kiganja sakafuni kote. Hata tone hakuna.

Fundi alikuja, akainama, akabonyeza zile nyufa kwa kidole gumba.

"Nani ameziba?"

"Mimi."

"Hapa umeziba ukuta. Hii mbao itataka pa kuvimbia, itapakosa. Toa pamba leo."

"Fundi, kubali tu tumekuharibia biashara," nilisema, na watu wakacheka.

"Haya," alisema, akaenda zake.

Ziwa saa ile lilikuwa limelala. Milima ya Kongo ilionekana ng'ambo, ya samawati, na mama alikuwa ameshavua kandambili zake na kuzishika mkononi. Maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu. Kaka alimshika kiwiko.

"Tumpandishe sasa," aliniambia. "Robo saa tu. Tazama lilivyotulia."

Nikasema hapana. Nilikuwa na orodha. Mashine haikuwa imejaribiwa tangu Juni, jaketi okozi zilikuwa bado kwenye gunia, jua lilikuwa linakwenda. Nilisema kesho saa kumi na mbili asubuhi. Kaka alinitazama, akatazama daftari, akamgeuza mama taratibu kurudi mchangani. Mama alivaa kandambili zake.

Usiku upepo uliamka, na ukavuma siku mbili. Mama alikaa kwenye mlango wa nyumba ya wageni akiyasikiliza mawimbi. Siku ya pili mchuuzi wa samaki alikuja kutuambia, "Boti yenu inalia."

"Inalia vipi?"

"Inalia ka, ka. Kama mtu anavunja kuni."

Nilisema ni kamba inavutwa na upepo. Sikwenda kutazama.

Asubuhi ya tatu upepo ulikufa na tukateremka na mama kati yetu. Boti ilikuwa imelalia ubavu, mabenchi mawili chini ya maji. Mbao zilikuwa zimevimba, zikakuta pamba yangu imejaa kila mahali zilipotaka kwenda, zikasukumana zenyewe kwa zenyewe. Tatu za chini zilikuwa zimeng'oka kwenye mataruma, zile mbavu za ndani zinazoshikilia chombo. Mataruma mawili yalikuwa yamevunjika. Pamba ilikuwa bado imekaa mahali pake, nyeupe, imara.

Watu walikusanyika. Wengine walichota maji kwa ndoo, wengine walichota maneno. Mama alisogea karibu, akainamisha uso kama alivyokuwa akifanya siku hizo ili kupata kipande cha picha.

"Ni nini kimeipasua?"

Nilifungua mdomo. Kaka aliwahi.

"Ni mbao zangu, Mama. Sikuzikausha vizuri."

Alisema ili kunifunika mbele za watu. Yeye ni mkubwa wangu na tulilelewa hivyo. Mama alimtazama muda mrefu.

"Na ndizo unazowauzia watu?" alisema. "Wanalaza watoto chini ya paa lako?"

Fundi alikuwa amesimama pale. Alinitazama mimi, akangoja. Nilikuwa na daftari mkononi, nikalifungua na kuanza kuandika idadi ya mbao zilizoharibika. Nilijiambia nitamweleza mama baadaye, tukiwa wenyewe.

Fundi alitoa boti yake, palepale, ampeleke yeye. Mama alikataa. "Nimeshaona boti inavyokwenda chini," alisema. "Nirudisheni nyumbani." Kaka alimsihi hadi akapiga magoti mchangani. Alikataa.

Matengenezo yalichukua muda hadi masika yakaisha. Mataruma mapya yalitakiwa kukatwa kwenye mti uliojipinda wenyewe, na fundi hakuwa na haraka nasi tena. Krismasi mama alikuwa anaona dirisha na mtu akisimama dirishani. Kaka alimletea mlango wa jikoni, kazi nzuri, ameupaka vanishi mara tatu. Mama aliupapasa akauliza, "Wa mbao zilezile?" Mlango ukabaki umeegemezwa ukutani nje, mvua ikaunyea. Nilikuwepo. Nilikuwa nakula wali.

Mwezi Machi dirisha nalo lilikwisha.

Boti ilipokuwa tayari, imenyweshwa, imezibwa na fundi mwenyewe, nilikwenda Mishamo kumchukua mama. Nilimkuta anachambua maharage kwa vidole, mabovu huku, mazima huku, bila kukosea.

"Nikaone nini?" alisema.

Ndipo nikamweleza. Nilimweleza kwa mpangilio, kuanzia simu ya fundi, pamba, siku mbili za upepo, na jioni ile niliposema ageuzwe akiwa na kandambili mkononi. Vidole vyake vilisimama.

"Kaka yako alijua?"

"Alijua."

"Na fundi?"

"Naye."

"Kumbe ni mimi tu." Akasukuma ungo pembeni. "Usikae hapa. Nenda kwa kaka yako. Mimi kesi yangu imekwisha."

Nilipanda bodaboda hadi barabara kuu, nikapata gari la Mpanda, nikamkuta kaka bandani anapiga randa ubao wa mlango. Nilimwambia nimemweleza mama yote, jina lake limesafishwa.

Hakuinua kichwa. Alipuliza vumbi la mbao, akapima kwa jicho moja kama ubao umenyooka.

"Umemwambia sasa," alisema.

"Nilikuwa natafuta nafasi."

"Mara ya mwisho mama aliponiona usoni, alikuwa anamtazama tapeli wa mbao. Hiyo ndiyo sura yangu aliyobaki nayo. Utaibadilisha vipi?"

Nilisema mama amekubali, mama ameelewa.

"Ameelewa," alirudia. "Vizuri."

Akainama kwenye randa yake. Nilikaa juu ya rundo la mbao nikasubiri amalize tuzungumze. Alimaliza ule mlango, akauegemeza, akavuta ubao mwingine, akaanza.